Aliyetangulia kutoa bega lake

Mwezi Agosti mwaka wa 2021 nilitembelewa nyumbani na muuguzi mmoja ambaye nilimfundisha alipokuwa mtoto. Msomaji atakumbuka hali ilivyokuwa siku hizo. Chanjo ya kwanza ya Korona iliwasili nchini mwanzoni mwa mwezi Machi, na wahudumu wa afya walitengewa nafasi ya mbele pamoja na walimu na maafisa wa usalama. Wengi walijitokeza, wengine wakasita. Ilipofika Agosti serikali iliagiza kwamba watumishi wote wa umma wawe wamechanjwa kabla ya tarehe 23, na atakayekaidi achukuliwe hatua za nidhamu.

Mgeni wangu alikuwa miongoni mwa waliosita. Mahali pake pa kazi sitapataja. Alinisalimu kwa heshima zote, akakaa, na baada ya chai akanieleza yaliyomsibu. Hakuwa mpinga chanjo. Kila juma alikuwa akiwachanja watoto wachanga dhidi ya kifua kikuu, pepopunda na surua, tena kwa mikono yake mwenyewe. Alichokuwa nacho ni maswali machache kuhusu chanjo hii mpya, na alipoyauliza kazini hakujibiwa. Aliambiwa tu achague kati ya bega lake na mshahara wake. Alitaka kujua mimi, mwalimu wake wa zamani, naonaje.

Nilianza kumpa mawaidha ya kawaida kuhusu wajibu. Akanisikiliza kwa utulivu, kisha akanikumbusha jambo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau kabisa. Alipokuwa darasa la tatu, timu ya afya ilifika shuleni kuwachanja watoto. Watoto waliogopa, baadhi yao wakaanza kulia na kurudi nyuma. Mimi nilisimama mlangoni na kiboko mkononi, nikawapanga foleni. Yeye alikuwa wa tatu kwenye foleni hiyo. Aliniambia kuwa hakumbuki sura ya muuguzi aliyemdunga wala uchungu wa sindano; anachokumbuka ni kiboko. Sikuwa na jibu. Tuliagana vizuri, lakini maneno yake yalibaki nami kama mwiba katika unyayo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za watu waliotangulia kukabiliana na tatizo hili, yaani namna ya kumfanya binadamu akubali kinga ambayo yeye mwenyewe haioni wala haielewi. Miongoni mwao yuko mmoja ambaye maisha yake yangefaa kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi na kila chuo cha ualimu. Jina lake ni Waldemar Haffkine. Walimu wenzangu wengi watakuwa hawajalisikia, ingawa kazi yake inahusiana na historia yetu kuliko tunavyodhani. Leo namsimulia, na mwishoni nitamjibu yule binti yangu.

Haffkine alizaliwa mwezi Machi mwaka wa 1860 mjini Odessa, bandari ya Bahari Nyeusi iliyokuwa chini ya himaya ya Urusi na ambayo leo imo Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alisoma sayansi ya wanyama katika chuo kikuu cha mji huo, na mwalimu wake alikuwa Élie Metchnikoff, mwanasayansi ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi chembechembe za damu zinavyopambana na viini vya maradhi. Wanafunzi na wazingatie jambo hili: Haffkine hakusomea udaktari. Alikuwa mtaalamu wa wanyama, na upungufu huo, kama ni upungufu, ulimfuata kama kivuli maisha yake yote.

Ujana wake haukuwa wa raha. Mwaka wa 1881 Wayahudi wa Odessa walishambuliwa na makundi ya watu, na Haffkine alikuwa mmoja wa vijana waliojiunga kuwalinda. Alijeruhiwa, akakamatwa na kutiwa ndani, na ni mwalimu wake aliyemwombea hata akaachiliwa. Baada ya masomo alipata kazi katika jumba la makumbusho la wanyama, lakini mlango wa kuwa mhadhiri ulikuwa umefungwa kwa Myahudi. Angeweza kuufungua kwa kubadili dini. Alikataa. Mwaka wa 1888 aliihama nchi yake, akaenda Uswisi, na mwaka uliofuata akamfuata Metchnikoff mjini Paris katika Taasisi ya Pasteur. Nafasi pekee iliyokuwapo ilikuwa katika maktaba. Basi mchana alipanga vitabu, na saa za ziada akafanya utafiti wake katika maabara. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Utafiti huo ulihusu kipindupindu. Katika miaka hiyo maradhi haya yaliwaua watu kwa maelfu huko Asia na Ulaya. Haffkine alikuza viini vyake katika wanyama wadogo wa maabara, akavipitisha kutoka mnyama hadi mnyama mpaka akapata aina mbili za chanjo: moja dhaifu iliyotangulia, na nyingine kali iliyofuata baada ya siku chache. Wanyama waliochanjwa hivyo hawakuugua. Swali likabaki: je, binadamu?

Tarehe 18 Julai mwaka wa 1892 alijidunga mwenyewe. Homa ilimpanda, ubavu ukamuuma, kisha akapata nafuu. Siku chache baadaye alijidunga ile kali. Alipopona aliandika kila dalili na kila saa yake, akawachanja rafiki zake watatu waliojitolea, ndipo alipoutangazia ulimwengu wa sayansi matokeo yake kabla ya mwezi huo kwisha. Mpangilio huo ndio ninaomwomba msomaji aukumbuke. Yeye alikuwa wa kwanza, waliomjua na kumwamini wakafuata, na umma ukaambiwa baadaye, tena kwa hesabu zilizo wazi.

Alihitaji mahali pa kuijaribu chanjo penye kipindupindu cha kila mwaka. Balozi wa Uingereza mjini Paris, Lord Dufferin, aliyewahi kuwa mtawala mkuu wa India, alimwunga mkono aende huko. Haffkine alifika Calcutta, ambayo leo inaitwa Kolkata, mwezi Machi mwaka wa 1893. Alipokewa kwa shaka kutoka pande zote. Wenyeji walimwona kuwa mtu wa serikali ya kikoloni anayetaka kuwatia sumu. Madaktari wengi wa Kiingereza nao walimwona mgeni kutoka Urusi, Myahudi, na zaidi ya yote mtu asiye na shahada ya udaktari anayetaka kuwafundisha kazi yao. Kwa hivyo kusitasita kwa wahudumu wa afya mbele ya chanjo mpya si jambo lililozuka juzi. Nyakati nyingine chanzo chake huwa ujinga, nyakati nyingine husuda, na nyakati nyingine huwa ni tahadhari ya haki ya mtaalamu anayetaka ushahidi. Kosa letu ni kuyafunga yote matatu katika furushi moja.

Haffkine hakuomba sheria ya kuwalazimisha watu. Alichanja waliokubali tu. Mwaka wa 1894 daktari wa afya wa mji wa Calcutta, W. J. Simpson, alimwita katika mitaa ya mabanda ambako watu walichota maji ya kunywa katika madimbwi yaleyale waliyofulia. Alikwenda huko pamoja na madaktari wa Kihindi, watu wanaoijua lugha na desturi za mahali. Makundi yaliwarushia mawe. Haffkine alijidunga mbele ya macho yao, na baadhi ya waliokuwa wakitazama wakajitokeza.

Katika mtaa mmoja uitwao Kattal Bagan waliishi watu wapatao 200. Kipindupindu kilipoanza kuua, 116 kati yao walikubali kuchanjwa, na 84 hawakuchanjwa. Baadaye waliugua watu 10, na 7 kati yao wakafa. Wote 10 walikuwa wa lile kundi la watu 84. Mwalimu wa hesabu anaweza kuuandika mfano huu ubaoni bila kuongeza neno. Na ni hiari iliyouwezesha mfano wenyewe kupatikana: kwa kuwa wengine walikuwa huru kukataa, mtu yeyote mwenye macho aliweza kulinganisha. Katika muda wa miaka kama miwili na nusu zaidi ya watu 40,000 walichanjwa katika India, wakiwamo askari, wafungwa na wafanyakazi wa mashamba ya chai huko Assam. Malaria ilimdhoofisha, ikambidi arudi Ulaya mwaka wa 1895 kujiuguza.

Hapa sina budi kuwa mkweli. Neno hiari lina uzito tofauti kwa watu tofauti. Mfungwa anapoulizwa na serikali kama anakubali kudungwa, au mkulima wa shamba la chai anapoulizwa mbele ya msimamizi wake, uhuru wake wa kukataa si sawa na wa mtu aliye nyumbani kwake. Haffkine alifanya kazi ndani ya dola ya kikoloni, na dola hiyo ilimpa milango ambayo asingeipata kwingine. Simtaji hapa kama malaika. Namtaja kama mtu ambaye, katika zama ambazo amri ilikuwa rahisi, alichagua njia ngumu zaidi mara nyingi kuliko wenzake.

Mwaka wa 1896 tauni iliingia Bombay, mji unaoitwa sasa Mumbai. Haffkine, ambaye hakuwa amepona vizuri, alikuwa amekwisha kurudi India. Mwezi Oktoba alipewa chumba na ushoroba katika Chuo cha Udaktari cha Grant, karani mmoja na watumishi watatu, akaambiwa atafute chanjo. Alifanya kazi usiku na mchana. Miongoni mwa wasaidizi wake wako waliougua kwa uchovu na wako walioiacha kazi. Baada ya miezi michache chanjo ilikuwa tayari, safari hii ikitengenezwa kwa viini vilivyokwisha kuuawa. Tarehe 10 Januari mwaka wa 1897 alidungwa yeye kwanza, tena kwa kipimo kikubwa kupita kile alichokusudia kuwapa wengine. Alipata homa na maumivu makali, akayastahimili. Baadaye mwezi huohuo tauni ilizuka katika gereza la Byculla, wafungwa waliojitolea wakachanjwa, na ikaonekana kwamba waliochanjwa waliugua na kufa wachache kuliko wenzao.

Sasa linganisha na yaliyokuwa yakitendeka nje ya maabara yake. Mwaka huohuo serikali ya India ilipitisha sheria ya magonjwa ya mlipuko iliyowapa maafisa mamlaka makubwa mno. Katika mji wa Poona, yaani Pune ya leo, askari waliingia majumbani, wakawapekua wanawake, wakawatoa wagonjwa kwa nguvu na kuziteketeza mali. Huenda nia ilikuwa kuizuia tauni. Tokeo lilikuwa watu kuwaficha wagonjwa wao na kuzika maiti usiku. Mwezi Juni mwaka huo afisa aliyesimamia kazi hiyo, W. C. Rand, alipigwa risasi na ndugu wa ukoo wa Chapekar, akafa siku chache baadaye. Shurutisho lilizaa maficho, na maficho yakaipa tauni nafasi ya kuenea. Tena katika Uingereza kwenyewe, ambako chanjo ya ndui kwa watoto ilikuwa ya lazima tangu mwaka wa 1853, upinzani ulikuwa mkubwa hata bunge likaruhusu mwaka wa 1898 wazazi wenye pingamizi la dhamiri wasamehewe.

Kulikuwako njia nyingine, na mfano wake unatuhusu sisi. Kiongozi wa Waismailia, Aga Khan wa Tatu, wakati huo akiwa kijana wa takribani miaka ishirini, alimpa Haffkine jumba lake litumiwe kama maabara. Alipoona wafuasi wake wanaogopa, alichanjwa mbele yao, na maelfu ya watu wa jamaa yake mjini Bombay wakafuata. Wakenya wanalijua jina hilo kwa hospitali zilizoko Nairobi, Mombasa na Kisumu. Huyo kijana hakutunga sheria wala hakutishia mtu kumfukuza. Alikunja mkono wa vazi lake.

Uhusiano wetu na habari hizi hauishii hapo. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, mwaka uleule tauni ilipoingia Bombay, na maelfu ya wajenzi wake waliletwa kwa meli kutoka Bara Hindi. Mwaka wa 1902 tauni ilizuka Nairobi, mji uliokuwa bado mchanga, na dawa iliyotumiwa na wakubwa ni kuliteketeza soko la Wahindi. Na yule Simpson aliyemkaribisha Haffkine Calcutta alitumwa Afrika Mashariki mwaka wa 1913 kuchunguza hali ya usafi. Ripoti yake ilipendekeza kwamba Wazungu, Waasia na Waafrika wakae katika mitaa tofauti kwa sababu za afya. Ubaguzi wa makazi ambao wazee wetu waliuonja mjini Nairobi ulivishwa joho jeupe la daktari. Ndiyo maana Mwafrika anapoiuliza serikali maswali juu ya sindano, haulizi kwa kukosa akili. Nyumba za babu zake zilipata kuhamishwa kwa jina la afya.

Turudi kwa Haffkine. Mwaka wa 1899 maabara yake ilihamishiwa Parel, katika jumba lililokuwa makao ya gavana. Sifa zilimjia, na malkia wa Uingereza alikuwa amekwisha kumpa nishani. Ndipo yalipotokea masaibu ya kijiji cha Mulkowal, katika jimbo la Punjab.

Serikali ya Punjab ilikuwa imepanga kuwachanja watu wengi mno kwa muda mfupi katika majira ya mwisho wa mwaka wa 1902. Ili kuutosheleza wingi huo, maabara ya Parel ilibadilisha utaratibu wa kutengeneza chanjo: badala ya kutia asidi ya kaboliki, walitegemea joto kuviua viini. Tarehe 30 Oktoba watu 107 walichanjwa katika kijiji hicho. Wiki moja baadaye 19 kati yao walipatwa na pepopunda, na wote 19 wakafa. Wote walikuwa wamedungwa dawa kutoka chupa moja. Waliodungwa kutoka chupa nyingine hawakudhurika.

Watu 19 si tarakimu tu. Ni wanakijiji walionyosha mikono yao kwa imani. Mwenye kutetea chanjo na asiyetaka kuwataja watu hawa hastahili kusikilizwa, kwa sababu anafikiri ukweli una sehemu za kuonyesha na sehemu za kuficha.

Tume iliundwa chini ya uenyekiti wa jaji mkuu wa Bombay. Iliamua kwamba viini vya pepopunda viliingia katika chupa kabla haijafunguliwa, yaani katika maabara ya Haffkine. Alisimamishwa kazi, na mwaka wa 1904 aliondoka India kwenda Uingereza akiwa mtu aliyevunjiwa jina. Lakini ushahidi wenyewe ulielekeza kwingine. Kule kijijini, msaidizi aliyekuwa akifungua chupa aliangusha koleo la kung'olea vizibo, likagusa udongo, akalisuuza kwa dawa pasipo kulipitisha motoni, kisha akalitumia kwenye chupa ileile. Udongo, kama kila mwanafunzi wa sayansi ajuavyo, ndiyo maskani ya viini vya pepopunda. Zaidi ya hayo, lau viini hivyo vingekuwa vimeishi ndani ya chupa tangu Parel, dawa ingenuka vibaya, na aliyeifungua hakunusa kitu.

Ilichukua miaka hata haki ikapatikana. Taasisi ya Lister ya London iliupitia ushahidi upya ikafikia uamuzi tofauti na ule wa tume. Mwezi Julai mwaka wa 1907 wataalamu kumi, wakiongozwa na Ronald Ross, yule aliyegundua kwamba malaria huambukizwa na mbu, walimtetea hadharani katika gazeti la The Times. Mwishoni mwa mwaka huo alirudi India, lakini cheo chake cha zamani hakurudishiwa. Alipewa maabara mjini Calcutta, asiruhusiwe kutengeneza chanjo. Alibaki akifanya utafiti wa vitabuni hadi alipostaafu akiwa na umri wa takribani miaka 55. Aliishi maisha yaliyosalia Ulaya, akishughulika na dini ya wazazi wake na elimu ya vijana wa Kiyahudi, na alifariki mjini Lausanne, Uswisi, mwezi Oktoba mwaka wa 1930. Miaka mitano kabla ya kifo chake, maabara ya Parel ilipewa jina lake, na jina hilo liko mpaka leo. Kufikia mwaka huo wa 1925 dozi milioni 26 za chanjo ya tauni zilikuwa zimetoka Bombay.

Naona mambo matatu katika maisha haya, na ninayaandika nikiwafikiria walimu, wanafunzi wa uuguzi, na yule aliyenitembelea.

La kwanza, anayetaka bega la mwenzake atangulie kutoa lake. Si maonyesho ya kupigwa picha ninayoyakusudia. Haffkine aliandika homa yake, maumivu yake na saa zake, akayaweka mezani yasomwe na wanaomshuku. Mkubwa wa hospitali anayechanjwa mbele ya kamera kisha akakataa kujibu maswali ya wauguzi wake ameuiga mkono wa Haffkine akauacha moyo wake.

La pili, haraka na amri ni ndugu, na mara nyingi huzaa mtoto mmoja. Punjab walitaka wingi kwa muda mfupi, na katika shughuli hiyo koleo moja lililoanguka halikupata dakika moja ya kupitishwa motoni. Haraka haraka haina baraka. Hilo koleo halikushikwa na adui wa chanjo bali na mhudumu wa afya, pengine aliyechoka, katika siku yenye foleni ndefu. Ndiyo sababu mhudumu anayeuliza maswali si kikwazo cha chanjo. Ndiye mlinzi wake wa mwisho.

La tatu, kosa linapotokea tusimtafute wa kumbebesha lawama ili wengine walale usingizi. Mulkowal iliwaua watu 19, na kisha uamuzi mbaya wa tume ukaiondoa chanjo mikononi mwa mtu aliyeijua kuliko wote wakati tauni ikiendelea kuua.

Je, basi nasema kwamba mhudumu wa afya asilazimishwe kamwe? Sisemi hivyo, na hapa najua baadhi ya wasomaji hawatakubaliana nami. Mgonjwa aliyelala kitandani hamchagui muuguzi wake. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hawezi kuuliza kama anayembeba amechanjwa. Mtu aliyeichagua kazi hii kwa hiari yake ameuchukua wajibu ambao mwuza mboga sokoni hana, na ninaona ni haki kumtaka mwenye wajibu huo akubali kinga iliyothibitishwa, na asiyekubali ahamishiwe kazi isiyowahatarisha wengine. Lakini mwenye kuamuru naye ana wajibu uliotangulia amri: kueleza, kujibu, kufungua hesabu za madhara, na kuahidi kumtunza atakayedhurika. Amri iliyoruka hatua hizo huwa haidumu. Ufaransa iliwalazimisha wahudumu wake wa afya mwaka wa 2021, ikaisimamisha amri hiyo mwaka wa 2023. Uingereza ilitangaza sharti kama hilo kwa hospitali zake, ikalifuta mwaka wa 2022 kabla halijaanza kutekelezwa. Hapa kwetu sharti la kuonyesha cheti cha chanjo ili kupata huduma za serikali lilisimamishwa na Mahakama Kuu mwezi Desemba mwaka wa 2021.

Yule mwanafunzi wangu alichanjwa siku ya mwisho ya amri. Hakupata madhara yoyote. Tulipoonana tena aliniambia kuwa akina mama wa kliniki humwuliza kama yeye mwenyewe amechanjwa, naye hujibu kuwa ndiyo. Kisha humwuliza kama ni nzuri, na hapo sauti humpungua, kwa kuwa yeye alipouliza swali hilohilo hakujibiwa. Bega lake lilipatikana, ila ushuhuda wake haukupatikana. Na mama wa kijijini hafuati takwimu za wizara. Hufuata uso wa muuguzi aliye mbele yake. Tumepata sindano moja tukapoteza labda mia.

Sasa namjibu. Binti yangu, wajibu wako kwa mgonjwa ni wa kweli, na katika hilo sikukosea siku ile. Maswali yako pia yalikuwa ya haki, na waliokunyima majibu walikosa. Nami nilikosa kabla yao, miaka mingi iliyopita, niliposimama mlangoni na kiboko. Ningeweza kuweka kiboko chini, nikakunja shati langu, nikamwomba yule muuguzi anianze mimi. Isingechukua hata dakika mbili. Nakuomba radhi, pamoja na wenzako wote waliokuwa kwenye foleni ile. Na siku mtoto atakapolia mbele yako kliniki, au mwanafunzi wa uuguzi atakapokuuliza swali linalokukera, mjibu.